Asali ya Kwanza

Shangazi yangu aliacha kumeza dawa za presha mwezi wa Aprili mwaka jana, na hakumwambia mtu. Tulijua Juni, siku alipoamka mkono wa kushoto hauinuki na mdomo umekwenda upande. Akapakiwa kwenye gari la mizigo kutoka Mitundu mpaka Itigi, katika hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Nilipofika kutoka Dodoma nilimkuta ameegemezwa mito miwili, anaongea kwa shida lakini akili zake zote anazo. Nikamuuliza kwa nini aliacha dawa.

"Deni halitibiwi kwa vidonge, mama," akanijibu.

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nilijua deni analolisema. Kila mtu wa ukoo wetu analijua, ingawa kwa miaka mingi tulikuwa tunalizungumza kama hadithi ya babu, si kama kitu kinachoweza kumlaza mtu hospitali.

Niseme kwanza habari za kwetu. Shuleni nilipotaja natoka Mitundu, wenzangu walicheka wakadhani ni kijiji cha watoto watundu. Mtundu kwa watu wa huku ni mti, mmoja katika jamii ya miombo, na maua yake yanapendwa mno na nyuki. Ukitoka Itigi kuelekea kusini, njia ya Rungwa inayokwenda kutokea Mbeya, unapita kwenye vichaka vizito na misitu ya miombo kabla na baada ya kufika kwetu. Watu wa zamani walikuwa na mbung'o wa kuwasumbua na nyuki wa kuwafariji. Babu yangu alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga ya magogo na ya magome, mingine mbali kiasi kwamba alilala porini siku mbili ndipo aifikie.

Miaka michache kabla ya Operesheni Vijiji, babu alipotea katika vichaka vya Itigi. Asiyeviona vichaka hivi anaweza kufikiri ni msitu wa kawaida. Si hivyo. Ni miti mifupi iliyosongamana, huoni hatua kumi mbele yako, na kiangazi hakuna maji. Alizunguka siku tatu. Siku ya tatu, kwa maneno yake mwenyewe, ulimi ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Akapiga magoti akasema: Mungu akinionyesha barabara, asali ya kwanza ya kila mwaka haitakuwa yangu. Itakuwa ya mpita njia yeyote. Mimi, na watoto wangu, na watakaotoka kwa watoto wangu.

Jioni ile akatokea barabarani. Watu asiowajua, waliokuwa wakisafiri kwa miguu, wakampa maji na uji wa mtama, wakaendelea na safari yao bila hata kumwambia majina.

Nadhiri hiyo niliiona kwa macho yangu. Kila mwaka baada ya mvua, babu alipovuna mizinga ya mwanzo, alijaza debe moja, akaliweka chini ya mti kando ya barabara, akaweka kata, na pembeni kibuyu cha maji. Sisi wajukuu tulikuwa walinzi wa kufukuza nzi na mbuzi. Wachungaji wa ng'ombe walisimama, akina mama wenye kuni walisimama, utingo wa malori waliruka chini na vikombe vyao. Nilikuwa nadhani kila nyumba duniani ina debe lake barabarani.

Babu alifariki mwaka 2004. Baba akaendelea na debe mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kisha likakoma. Nilikuwa nimekwenda shule ya bweni, na niliporudi likizo sikuuliza. Mtoto huona mambo yakianza, yakiisha hayaoni.

*

Shangazi alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Nilimfungia vidonge vyake katika bahasha, nikaandika asubuhi na jioni kwa herufi kubwa. Siku ya tatu nikitandika kitanda nikavikuta vyote chini ya godoro.

Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya mhubiri. Mwezi wa Machi alikuwa amepita kijijini mtu wa mikutano ya maombezi, na binamu yangu alimleta nyumbani. Alimwambia shangazi kwamba ukoo wetu umefungwa na agano lililovunjwa: babu alitamka mbele ya pori, pori likasikia, na sasa linadai. Ndiyo maana mdogo wake baba alikufa ghafla. Ndiyo maana binamu hajaolewa. Ndiyo maana msitu wenyewe umekwisha na nyuki wamehama. Agano hilo linaweza kuvunjwa kwa sadaka maalumu, naye akataja kiasi. Shangazi hakuwa nacho. Akabaki na tatizo bila dawa yake, akahitimisha kwamba vidonge vya hospitali ni kupoteza muda.

Wazee wakaitisha kikao. Baba mdogo akasema mkusanye hela, mmalize. Mwingine akasema huo ni wizi. Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimesoma, niseme nadhiri ya mtu aliyekufa inamfunga nani.

Nilikuwa na jibu tayari. Nilisema haimfungi yeyote. Ahadi ni ya mdomo ulioitamka. Nikataja nabii Ezekieli, sura ya 18, anayekataa waziwazi methali ya watu wake kwamba baba wakila zabibu chungu, meno ya watoto ndiyo yanayotiwa ganzi; kwake kila roho inajibu kwa dhambi yake. Jirani yetu, mwalimu wa madrasa aliyekuja kumjulia hali shangazi, akaniunga mkono: Qurani nayo inafundisha kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Nikaona nimeshinda.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Akauliza swali moja tu: "Na njaa ya Daudi?"

Shangazi yangu aliishia darasa la nne, lakini Biblia yake imechakaa kila ukurasa. Habari aliyoiuliza iko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21. Zamani za Yoshua, Waisraeli waliwaapia Wagibeoni kwamba hawatawaua, ingawa Wagibeoni walikipata kiapo hicho kwa hila. Vizazi vingi baadaye, mfalme Sauli akawaua. Sauli akafa. Ndipo katika siku za Daudi ikaja njaa ya miaka mitatu, na Daudi akaambiwa sababu ni damu ya Wagibeoni. Akawauliza wanataka nini. Wakataka wanaume saba wa uzao wa Sauli. Akawatoa, wakatundikwa mlimani. Saba wale hawakuwa wameapa wala hatuambiwi kuwa walivunja kitu.

Sikuwa na jibu. Biblia ileile yenye Ezekieli ina na Wagibeoni. Nililala usiku ule nikifikiri si kwamba shangazi yuko sahihi, bali kwamba mimi nilikuwa nimejibu haraka kwa kuwa jibu lilinipendeza.

*

Wanadamu wengi wameamini kwamba neno lililotamkwa kwa uzito haliishi na mtamkaji. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindi, mwanamfalme Bhishma anaapa kutooa na kutotawala maisha yake yote ili baba yake aweze kumwoa mwanamke anayempenda. Ni nadhiri ya mapenzi ya mtoto kwa baba. Lakini kwa sababu yake kiti cha enzi kinakosa mrithi wa kueleweka, na vizazi viwili mbele watu wa ukoo mmoja wanachinjana Kurukshetra. Katikati yumo Amba, binti wa mfalme ambaye Bhishma alimteka ili awe mke wa ndugu yake, akaharibikiwa maisha. Bhishma hawezi kumwoa, amefungwa na nadhiri. Amba naye anaapa kumwangamiza, anakufa, anazaliwa tena, na katika maisha hayo mengine anakuwa Shikhandi, mpiganaji ambaye Bhishma hakubali kumpiga, na hivyo anaanguka mbele yake. Kwa wanaoisimulia habari hii, kifo hakifuti nadhiri. Kinaibadilishia nguo tu.

Sisi wa huku hatusemi kwamba mtu huzaliwa tena hivyo. Lakini mimi naitwa mama na dada ya baba yangu. Kila jina tunalompa mtoto linasema kuna kitu kinaendelea. Kwa hiyo sikuweza kumcheka shangazi.

Zipo pia nadhiri zilizovuka vizazi bila kumtia mtu hofu. Wamoraviani, ambao kanisa lao lina mizizi mirefu Mbeya na Tabora, wana kumbukumbu ya mwaka 1727, pale Herrnhut, Ujerumani, wanaume na wanawake wachache walipogawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike. Wale walioanza walikufa. Wengine wakashika saa zao. Mnyororo huo ukaenda kwa zaidi ya miaka 100, na katikati yake wamisionari wao wa kwanza wakawa wameshatoka kwenda mbali. Hakuna aliyesema kwamba mjukuu akilala saa yake atapooza. Aliyechukua saa aliichukua kwa sababu aliikuta ni njema.

Na yupo Gaspar mwenyewe, ambaye jina lake liko kwenye lango la hospitali aliyolazwa shangazi. Nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuuliza ni nani. Gaspar del Bufalo alikuwa padre kijana wa Roma. Mwaka 1810, Napoleon alipokwisha kuuteka mji na kumwondoa Papa, mapadre walitakiwa kula kiapo cha utii kwake. Gaspar akajibu kwamba hawezi, hapaswi, na hataki. Kwa jibu hilo alikaa uhamishoni na gerezani karibu miaka minne. Alipotoka, mwaka 1815, akaanzisha shirika la Wamisionari wa Damu Azizi, ambao leo wanahudumu Itigi na sehemu nyingine nyingi za nchi yetu. Kilichonishangaza ni hiki: wamisionari wake hawafungi nadhiri. Mashirika mengi ya kitawa hufunga nadhiri za ufukara, usafi wa moyo na utii. Gaspar alitaka watu wake wakae pamoja kwa kifungo cha upendo tu, anayebaki abaki kwa kuwa anapenda kubaki.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu aliyefungwa gerezani kwa ajili ya kiapo alijua kiapo kina uzito gani. Kama kiapo kingekuwa maneno matupu, angekula cha Napoleon akaenda nyumbani kulala. Nadhani kwa sababu hiyohiyo hakutaka kuwatwika wengine. Anayejua uzito wa mzigo hawi mwepesi kuuweka juu ya kichwa cha mwenzake.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kiu ya siku tatu. Alinitwika mimi kabla sijazaliwa.

*

Asubuhi yake nilimsogelea shangazi nikiwa na hoja mpya. Nilitaka kumwambia kwamba babu alikuwa na haki ya kutoa asali yake, hakuwa na haki ya kutoa yangu. Nilikuwa hata sijamaliza sentensi.

"Unajua debe liliacha lini?" akaniuliza.

"Baba alipochoka."

"Baba yako hakuchoka. Debe la kwanza la mwaka ule lilikwenda Itigi sokoni. Lilirudi ni sanduku lako la bati."

Nilikuwa nimefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya serikali ya bweni. Ada wakati ule ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na kabla ya ada kulikuwa na godoro, sanduku, ndoo, jembe, sare, madaftari na michango isiyokwisha. Baba aliuza asali ya kwanza akisema mwakani atarudisha. Mwakani nikawa kidato cha pili. Baadaye akakata miti ya shamba la babu, kuni zikaenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na hela ikawa nauli na ada ya kidato cha tano. Hakuna aliyeniambia. Hawakutaka nisome nikiwa na deni kichwani.

Basi mimi niliyeitwa kikaoni niseme nadhiri inamfunga nani, ndiye niliyekula nadhiri yenyewe.

Tangu hapo swali likageuka. Nilikuwa nauliza kama maneno ya marehemu yanaweza kunifunga. Wenye busara ya mirathi wana njia nyingine ya kuuliza. Kwetu, na katika sheria ya Kiislamu pia, marehemu akiacha ng'ombe na deni, deni hulipwa katika ng'ombe kabla warithi hawajagawana. Asiyerithi kitu hadaiwi. Lakini huwezi kuswaga ng'ombe kwenda zizini kwako halafu ukasema deni ni la kaburi. Mwalimu wa madrasa alinikumbusha hadithi ya mwanamke aliyemwendea Mtume kuhusu mama yake, aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla hajahiji. Mtume alimuuliza kama mama angekuwa na deni la mtu, je, asingelilipa? Basi na hili alilipe.

Na deni lina mdai. Hapa ndipo naona mhubiri alipotukosesha njia, na ndipo nami nilipokuwa nimekosea kwa upande mwingine. Yeye alisema mdai ni pori. Mimi nilisema hakuna mdai. Lakini babu hakuliahidi pori. Aliwaahidi wapita njia. Kuna mchungaji aliyepita pale Juni ya mwaka ule, na iliyofuata, na iliyofuata, akaangalia chini ya mti, hakukuta kitu. Hayo ndiyo matokeo ya nadhiri iliyovunjwa: si kiharusi cha shangazi, bali kikombe cha mtu mmoja kilichoondoka kikavu. Ni matokeo madogo, lakini ni ya kweli, na yaliendelea kila mwaka wakati mimi naendelea na masomo.

Kwa hiyo kulipa sadaka ya kuvunja agano kungekuwa kumlipa mtu asiyetudai ili tusiwalipe wanaotudai. Na kumtwika shangazi ugonjwa kama malipo ndiyo kurudi kule mlimani kwa wana saba wa Sauli. Nilimsomea shangazi habari ile hadi mwisho, maana alikuwa ameishia kwenye njaa. Anatokea Rispa, mama wa wawili kati ya wale saba. Anatandika gunia juu ya mwamba, anakaa na maiti tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua inanyesha, anafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Daudi anaposikia, anaikusanya mifupa na kuizika kwa heshima, na baada ya hapo ndipo Mungu anaisikiliza nchi. Sidai kujua mwandishi alitaka tuelewe nini. Mimi ninaona kwamba mwisho wa habari haukuwa pale damu ilipomwagika, bali pale mtu alipowatendea wema waliokuwa hawawezi kumlipa.

Shangazi alinyamaza muda mrefu. "Na mimi nife au nisife?" akauliza.

"Umeze dawa," nikasema. "Debe ni langu."

Mwalimu wa madrasa ana hadithi nyingine niliyoipenda zaidi. Mtume alimwona mtu amesimama juani. Akaambiwa ameweka nadhiri asikae, asiingie kivulini, asiseme, na afunge. Akaagiza aambiwe akae, aingie kivulini, azungumze, na saumu yake aimalize. Hakuitupa nadhiri nzima. Alichambua: kilichomwumiza bure kikatolewa, kilicho ibada kikabaki. Nilichukua kipimo hicho. Hofu ikae kando. Debe lirudi barabarani.

*

Mizinga ya babu haipo tena. Nilinunua debe kwa mrina mmoja anayevuna upande wa Rungwa. Baba mdogo akapinga: asali ya kununua si asali ya kwanza, nadhiri haitimizwi kwa pochi. Wakatazamana. Shangazi ndiye aliyeamua, akiwa kwenye kiti cha plastiki tulichokibeba hadi kando ya barabara.

"Baba alipopewa maji," akasema, "hakuuliza yamechotwa kisima gani."

Mti wa zamani umekatwa, tukaweka debe chini ya mwembe. Kata, kibuyu cha maji. Saa nzima ilipita watu wakitutazama kwa mbali. Kisha bodaboda akasimama.

"Shilingi ngapi?"

"Hailipiwi."

Akatazama debe, akanitazama mimi, akamtazama shangazi mwenye mdomo uliokwenda upande. "Mmeweka nini ndani?"

Nilielewa kwamba miaka yote ile debe lilipokosekana, kilichopotea hakikuwa asali tu. Zamani hakuna aliyeuliza. Nikachota nikalamba kwanza, shangazi akalamba, ndipo kijana akatoa kifuniko cha chupa yake ya maji akakikinga. Akaondoka. Baada ya muda akarudi amempakia mwenzake.

Jioni shangazi alimeza vidonge vyake mbele yangu, bila maneno. Sijui kama ni kwa ajili ya Rispa, au debe, au kwa kunihurumia tu. Mkono wake umepata nguvu kidogo; daktari anasema ni dawa na mazoezi, nami nasema hivyohivyo.

Sina mtoto bado. Nikimpata nitampeleka Juni Mitundu, nimkalishe chini ya mwembe afukuze nzi na mbuzi. Nitamweleza babu alivyopotea, nani alimpa maji, na ada yangu ilitoka wapi. Lakini sitaapa kwa niaba yake. Hilo atalisema mwenyewe, siku akitaka, kwa mdomo wake.